Kaeni Kwanza Ndipo Mcheke

Kwa nini wanawake wa nyumba yetu hawacheki wakiwa wamesimama? Swali hili lilinianza nikiwa mdogo, nikakua nalo, nikaingia nalo chuo kikuu, na hata nilipofika mwaka wa tatu wa masomo ya uhandisi wa maji sikuwa na jibu lake. Kwetu, mwenye kisa cha kuchekesha hutangaza kwanza: "Kaeni." Hapo mama huacha mwiko ndani ya sufuria akavuta kigoda. Shangazi, dada yake baba, ambaye sote tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, huketi popote palipo karibu, hata juu ya ndoo iliyofunikwa, akabana miguu. Wote wakishatulia, kisa hutolewa, na kicheko huja kama mvua juu ya mabati.

Niliichukulia kuwa adabu ya nyumba, sawa na kunawa kabla ya kula. Lililonitatiza ni kwamba adabu hiyo haikumhusu baba. Yeye, enzi za uhai wake, alicheka akiwa ameegemea mlango, na hakuna aliyemwambia akae.

Haikumhusu dada yangu pia. Huyu ndiye kifungua mimba wa mama, nami nikamfuata. Ni mwalimu wa chekechea, na kwa kadiri nilivyoona siku nilizokwenda kumsaidia, kazi yake karibu yote ni kuruka: kuruka kama chura, kuruka kama mpira, kuruka kama bisi kwenye mafuta ya moto, huku akiimba, na kundi la watoto likimfuata kwa vishindo. Alikuwa akipitia kwetu baada ya kazi na vumbi hadi kwenye nyusi, akacheka amesimama katikati ya sebule, na Redio akimtazama kwa jicho fulani ambalo sikulielewa. "Cheka, mwanangu," alizoea kumwambia. "Cheka ungali na nafasi."

Kisha dada akapata mimba.

Kituo cha wakunga kiko mtaa wa pili kutoka kwetu, jengo fupi lenye mapazia ya kijani na benchi refu la mbao barazani. Mkunga aliyempokea dada siku ya kwanza ya kliniki ndiye aliyemfuatilia hadi mwisho, maana ndivyo wanavyofanya kazi pale: mama mmoja, mkunga mmoja, kuanzia mimba hadi mtoto aanze kukaza shingo. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na mikono yenye joto. Uchungu ulipoanza, asubuhi moja baada ya chai, dada aliruhusiwa kuingia na mtu mmoja, akanichagua mimi.

Nilijiandaa kama ninayekwenda kwenye mtihani. Nilikuwa nimesoma kila nilichoweza kukisoma kuhusu kupumua. Dada alitembea ukumbini, akasimama dirishani, akaegemeza viwiko juu ya kizingiti na kuyumbisha kiuno. Mkunga alikaa nyuma yake kwenye kigoda, mikono ya gauni imekunjwa, akitega sikio kila baada ya muda kwa kile kifaa chake cha mbao chenye umbo la tarumbeta, kusikiliza moyo wa mtoto.

"Pumua, dada," nilisema. "Taratibu. Ingiza, toa."

"Mhandisi," alijibu bila kugeuka, "ukiniambia tena nipumue nitakuuma."

"Muume baadaye," mkunga alisema. "Sasa sikiliza mwili wako. Na wewe mdogo mtu, mfute shingo kwa kitambaa. Hapo ndipo anapokuhitaji."

Nikafuta shingo. Nilifuta hadi mpwa wangu alipokuja duniani, msichana mwenye ngumi mbili na hasira kubwa, akawekwa kifuani pa mama yake akiwa bado amelowa. Mkunga hakuwa na haraka ya chochote. Alifunika wawili hao kwa shuka moja, akarudi kwenye kigoda chake. Sijawahi kuona kazi iliyofanywa kwa heshima namna ile.

Shemeji yangu ni dereva wa lori la masafa marefu, na kwa kuwa safari hazimsubiri mtu, dada alikuja kupumzika kwetu. Zilikuwa siku njema. Mama ni fundi wa nguo. Cherehani yake iko barazani, nayo ililia mchana kutwa huku mtoto akilala, kana kwamba mashine ile ndiyo iliyokuwa ikimbembeleza. Redio alihamia kwetu kabisa na mkoba wake. Mimi nilikuwa likizoni, nikafua nepi na kuzianika kwa mstari ulionyooka, jambo lililowapa watu wa nyumba hii mzaha wa juma zima.

Basi alasiri moja Redio alitoka uani akiwa na kisa cha muuza mkaa. "Kaeni," alisema. Mama akakaa. Nami nikaona dada yangu, aliyekuwa amesimama na mtoto begani, akitazama huku na huku kwa haraka, kisha akashuka polepole kwenye mkeka na kubana miguu.

Sikucheka. Sikukisikia hata kisa chenyewe.

Siku chache baadaye, akiwa anamnyonyesha mtoto, dada alisema kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Nadhani sitarudi shuleni. Mama atanifundisha kushona."

"Wewe? Kushona?" niliuliza. "Wewe huwezi kukaa mahali pamoja hata kwa kunywa uji."

"Goti linanisumbua."

Cherehani ya mama ilinyamaza.

Yafaa nieleze habari ya goti. Ukutani kwetu ipo picha ya mama akiwa msichana, mchezaji wa mpira wa pete katika timu ya kiwanda cha nguo. Miguu yake yote miwili iko hewani, na mpira uko juu ya vichwa vya watu, mikononi mwake. Aliacha mchezo baada ya kunizaa mimi, na baadaye akaacha na kiwanda, akanunua cherehani. Sababu tuliyoijua sote ilikuwa goti. Utotoni nililichua goti hilo kwa dawa ya kuchua, jioni baada ya jioni, kwa imani yote ya mtoto anayempenda mama yake. Mama aliniacha nichue, akafumba macho.

Sasa goti limehamia kwa dada, ambaye hakuanguka wala kujigonga popote. Nilijua kuna jambo, na nilijua kwamba likiachwa, dada yangu ataipoteza kazi aliyoipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho kabla ya mtoto. Nini hasa, sikujua.

Mkunga alikuja kesho yake. Huwatembelea nyumbani wanawake wote aliowazalisha. Aliwasalimu wakubwa, akanawa mikono, na Redio alipomnyooshea mtoto, yeye akatabasamu na kumpita.

"Mtoto nitamwona. Kwanza mwenye mtoto."

Alimpima dada presha, akamtazama macho na viganja, akamuuliza habari za usingizi, za damu, za maziwa. Dada alijibu kila kitu kwa neno moja: salama.

"Ukicheka je? Ukikohoa, ukipiga chafya, mkojo unatoka?"

Dada akaangalia mkeka. Redio ndiye aliyejibu, kwa wema kabisa.

"Sasa hilo nalo ni swali, mama mkunga? Aliyezaa si lazima avuje? Mtungi ukishapasuka umepasuka."

"Mtungi haujapasuka, shangazi. Kilicholegea ni mfuniko."

"Sisi hapa tunakaa chini tu, basi. Tangu enzi za mama yetu. Ukitaka kucheka, unakaa, unabana, unacheka. Mbona hatujafa?"

Hivyo ndivyo nilivyopata jibu la swali langu, sebuleni kwetu, kutoka kinywani mwa Redio, kana kwamba siku zote lilikuwa limewekwa rafuni na mimi ndiye niliyekuwa mfupi. Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa amesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni.

"Mama. Na goti?"

"Goti langu ni zima," alisema mama. "Halijawahi kuuma hata siku moja. Ila ulikuwa unalichua vizuri, mwanangu, nikaona nisikukatishe tamaa."

Redio akapiga paja. "Mwaka wa tatu huu anasomea maji chuoni! Na hapa ndani yanavuja, mhandisi hana habari."

Tulicheka wote, mama akiwa ameshavuta kigoda na waliokaa wakiwa wamekaa. Mkunga alicheka amesimama, na ana watoto wanne. Dada aliliona hilo, nilimwona akiliona. Kisha kicheko chake kikageuka kilio, akasema yote. Alilowa akiinua ndoo. Alilowa akipiga chafya. Siku moja alijaribu kuruka mara moja tu, chumbani, peke yake, na baada ya hapo akakaa kitandani akifikiria uwanja wa shule, watoto wakimzunguka, na gauni lake.

Mkunga alimsikiliza hadi mwisho. Akamuuliza kama mkojo humtoka hata akiwa amelala, kama kuna maumivu au homa. Hapana, hapana, hapana.

"Mkojo ungekuwa unatoka mfululizo, usiku na mchana, ningekupeleka hospitali leo hii," alisema. "Huu wako ni wa misuli iliyobeba mtoto miezi yote hiyo ikachoka. Wanawake wengi hupata hali hii. Lakini jambo kuwapata wengi si sababu ya kuishi nalo. Kaa vizuri. Jifanye uko mbele ya wakwe, na upepo unataka kutoka. Utafanyaje?"

"Nitabana," dada alisema huku akifuta pua.

"Bana hivyo hivyo, nyuma na mbele, kana kwamba unavuta kitu juu kwa ndani. Pumua kama kawaida. Sasa legeza, taratibu. Kulegeza nako ni kazi, usikuruke."

"Kama ni hivyo," Redio alisema, "mimi kwa wakwe zangu nilifanya mazoezi ujana wangu wote."

Lakini alikuwa akibana naye, nyusi zimepanda hadi kwenye kilemba.

"Shangazi, usikaze uso. Uso hauvuji."

Niliwaza juu ya ile picha ukutani, juu ya vizazi vya wanawake waliopunguza maisha yao kidogo kidogo, leo kicheko, kesho mchezo, keshokutwa kazi, ili tu lisitajwe jambo moja lenye tiba. Nikafungua kinywa. "Kusema kweli, hili ni suala la haki ya kila mwanamke, na jamii nzima inapaswa—"

"Mhandisi," mama alinikatiza, macho yameelekea dari, "hotuba baadaye. Tunakaza."

Mkunga alipoondoka, mama alimsindikiza hadi barazani. Niliwasikia.

"Na aliyezaa zamani?"

"Misuli ni misuli, mama. Itachukua muda mrefu zaidi, na huenda ukahitaji daktari wa wanawake pia. Njoo kituoni nikupime."

Mama alikwenda Jumatatu, amevaa viatu vya kanisani, hakumuaga mtu.

Dada naye alishika mazoezi: akinyonyesha, akichambua mchele, akisubiri maji yachemke. Mkunga hakumwahidi muujiza. Alimwambia ahesabu miezi, asihesabu siku, na kwamba hali isipotengemaa angemwandikia barua ya kumwona bingwa. Kwa hiyo swali la shule lilibaki palepale, nalo lilimsumbua. "Nitapona, sawa," aliniambia tukianua nguo. "Lakini muhula unafunguliwa kabla sijapona. Niwaambie nini?"

"Uwaambie ukweli."

"Ukweli ni rahisi ukiwa wa mwenzio."

Nilikunja nepi.

Jumamosi hiyo shemeji alikuwa amerudi safarini, amekaa na binti yake juu ya mapaja kama mtu aliyepewa yai ashike, pale mwalimu mkuu wa chekechea alipobisha hodi. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alimbeba mtoto, akamsifu, akanywa chai, kisha akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, nimesikia huenda usirudi. Yupo dada anayeitaka hiyo nafasi, nami nimemwambia asubiri nikuone kwanza. Una tatizo gani?"

Nilimwona Redio akijivuta mbele. Kwa mapenzi yake yote alikuwa ameshaandaa kinga.

"Ni goti," alisema. "Goti la ukoo. Limemkamata kama lilivyomkamata mama yake."

Shemeji akainua kichwa, maana kwake hiyo ilikuwa habari mpya. Mama aliibana mikono yake mapajani na kumtazama binti yake, asimsaidie wala asimzuie. Mimi, niliyekuwa na hotuba nzima tumboni, niliuma ulimi. Halikuwa langu la kusema.

Dada alimchukua mtoto kutoka kwa mwalimu mkuu, akamweka begani.

"Shangazi ananisitiri, na ninamshukuru," alisema. "Goti langu ni zima. Tangu nijifungue, mkojo unanitoka nikiruka au nikicheka. Mkunga ananitibu kwa mazoezi, nami nayafanya kila siku."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. Alikuwa kama anayetaka kusema jambo lake mwenyewe, kisha akaliacha.

"Kwa hiyo nimjibu nini yule anayesubiri?"

"Mwambie nafasi ina mwenyewe. Nitarudi siku muhula unapofunguliwa. Michezo ya kuruka aishike mwalimu mwenzangu mpaka mkunga aniambie nimepona. Mimi nitashika nyimbo, hadithi na kuchora, na nitahitaji ruhusa ya kwenda chooni wakati wowote bila kuulizwa. Kazi yangu siiachi."