Mguu wa Bi Time

Tulikuwa vizuka wawili, wajane wa eda, katika chumba kimoja, mimi na mke mwenzangu, na mume tuliyemgombania miaka kumi na mmoja kishazikwa. Mbarouk alikuwa fundi wa kanzu hapa Tibirinzi. Alifariki mwaka 1959, karafuu za mwisho zikiwa bado zimeanikwa majamvini. Siku ya tatu dada yake, Bi Mwanawema, alitupanga mimi na Bi Time juu ya kitanda kimoja kama mizigo ya forodhani. Akatuambia eda ni miezi minne na siku kumi, mwanamme asituone, kicheko kisisikike, na kizuka mwenye adabu hukaa kitako akatulia. Bi Mwanawema akilipenda sana hilo neno adabu. Mwenyewe alikwisha achika mara tatu, lakini hilo hatukulisema.

Basi tukakaa. Mimi ningeweza kukaa hata mwaka, miguu yangu mizima, namshukuru Mungu. Bi Time alikuwa amepita hamsini, na mishipa ya miguu yake ilikuwa imevimba siku nyingi, ya buluu, imejipinda chini ya ngozi kama nyungunyungu. Mguu wa kushoto ndio uliokuwa mbaya zaidi. Juu ya kifundo, upande wa ndani, ngozi ilikuwa nyeusi, na palikuwa na kidonda cha ukubwa wa senti ambacho kilikataa kufunga. Zamani alikuwa akenda huku na huku, sokoni na kisimani, mguu ukivimba jioni na kunywea asubuhi. Sasa hakuwa na pa kwenda. Ilipofika wiki ya tatu, uvimbe ukawa haushuki tena.

Niseme kweli: nilikuwa naogopa kuliko yeye, na sababu nilikuwa nayo. Mwaka wa pili wa ndoa yangu, Mbarouk alilala kwa Bi Time siku yangu, tena siku mbili mfululizo. Nikasimama uani na ndoo mkononi, nikamwapiza. Nikasema, Mungu auozeshe mguu huo unaokuja nao kunichukulia mume. Nilisema kwa hasira, na hasira ilipokwisha nilisahau. Sasa mguu ulikuwa unaoza mbele ya macho yangu, na mimi nimefungiwa nao chumba kimoja. Kila asubuhi niliunusa kwa hila kabla sijamwamkia mwenyewe.

Siku ya arubaini na moja walikuja wanawake wa Chake kutupa pole. Bi Time aliketi ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, tangu walipoingia mpaka walipoaga, na wale hawakuwa wepesi wa kuaga. Walipotoka akainama akajikuna.

"Mwanakhamis," akaniita, "mbona hapa pana maji?"

Hayakuwa maji. Damu ilikuwa inaruka kutoka kwenye mshipa, nyembamba, mpaka sakafuni. Nilimkalisha wima asije akazimia, nikachukua kanga nikamfunga chini ya goti, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Damu ikazidi. Nikakaza tena, ikazidi tena. Midomo ya Bi Time ikawa myeupe, akaanguka chali kitandani, nami katika kumdaka nikabaki na mguu wake begani kwangu. Hapo ndipo damu ilipolegea. Nikatia kidole gumba nikakandamiza, nikasoma sura zote ninazozijua na nusu ya nisizozijua.

Aliyeitwa ni Bi Mgeni, mkunga. Dresa wa dispensari, mfunga vidonda, alikuwa mwanamme, na Bi Mwanawema hakutaka hata kusikia jina lake. Bi Mgeni nilikuwa namjua vizuri, maana mimba zangu tatu zote ziliharibikia mikononi mwake. Aliingia, akaifungua ile kanga, akanitazama.

"Nani kamfunga hivi? Weye? Ulikuwa wataka kummaliza?"

Hakujua aliloniuliza. Nilihisi uso wangu unawaka.

"Damu ya mguu hupandishwa na mguu wenyewe kwenda," akasema huku akiosha jeraha. "Mguu ukikaa, damu nayo hukaa. Ukifunga juu waizuilia njia. Wenye mimba zangu huwafanyia vyo hivi: alale, miguu ipande juu kuliko kifua. Asubuhi kabla hajakanyaga chini umfunge kitambaa, uanzie vidoleni upande mpaka chini ya goti, huku chini kikaze kidogo, huko juu kilegee. Usimchue mishipa. Asipigwe chuku ya kutoa damu, hii iliyotoka yatosha. Na aende."

"Aende wapi, Bi Mgeni? Ua umeanguka upande wa jirani zetu akina Mwatima. Akionekana anazunguka uani watasema kafurahi kufiwa," nikasema.

Bi Mgeni alitazama kuta, akatazama kitanda. Kisha akatazama pembeni, ilipokuwa cherehani ya marehemu imefunikwa shuka.

"Ile si ya miguu?" akauliza.

Kitambaa nilikikata mwenyewe kutoka katika mabaki ya kanzu. Nilikikata mshazari, maana Mbarouk alinifundisha kuwa nguo iliyokatwa mshazari huvutika, haiumizi. Cherehani niliivua mkanda ili sindano isifanye kazi, nikamkalisha Bi Time kwenye kiti cha mume wetu. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Alikanyaga taratibu, ameshika meza kwa mikono miwili, na machozi yakimtoka. Sikumuuliza kama ni ya mguu au ni ya kiti.

Tukawa tunafanya hivyo asubuhi, adhuhuri na alasiri, na katikati analala miguu juu ya mikeka iliyoviringwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kupima. Nilichukua futi ya marehemu nikaizungusha kwenye muundi: inchi kumi na tano na nusu. Siku ya pili ni hiyo hiyo. Siku ya tano ikawa kumi na sita kasoro kidogo, na siku hiyo sikula. Nilipima mara sita kwa siku mpaka Bi Time akasema, "Hebu niache, bibi we, nshakuwa kanzu?" Wiki ya pili ikashuka kumi na tano. Nilipima tena, nikidhani futi imenidanganya.

Tatizo likawa sauti. Kile kikanyagio kilikuwa kinalia, kwiri kwiri, na dirisha letu liko njiani. Wa kwanza walisema Mbarouk karudi kumalizia kanzu za watu. Hao nawasamehe. Wengine wakasema vizuka wawili wanashona nguo za harusi, hata mume hajaoza. Nilipoyasikia hayo kutoka kwa Mwatima, juu ya ua ulioanguka, nilitaka tuache. Jina likiharibika katika eda halirudi. Lakini nilipoutazama ule mguu, nikaona kama tukiacha nitakuwa nimemwapiza mara ya pili, tena safari hii kwa makusudi.

Alasiri moja mlango ulisukumwa bila hodi. Bi Mwanawema aliingia na chetezo cha ubani kinatoka moshi, tayari kumfukuza jini au kutufukuza sisi. Alimkuta Bi Time amefumba macho, anakanyaga. Mezani hapana nguo, hapana uzi.

"Mnafanya nini na mashine ya kaka yangu?"

Nilipiga magoti nikaufungua mguu, nikamwonyesha kidonda, kilichokuwa sasa kimebaki ukubwa wa punje ya mtama. Nikamwonyesha palipopasuka. Ulimi wangu ni mrefu, lakini siku ile nilisema maneno machache tu.

"Akiacha atakufa, wifi. Nami siwezi kuketi humu peke yangu."

Bi Mwanawema aliutazama mguu, moshi unamfukiza mwenyewe. Kisha akaweka chetezo chini, akauliza, "Mafuta ya nazi mnayo?" Akainama na buibui lake, akatia matone kwenye kila kiungo cha kikanyagio, akakisukuma kwa mkono mpaka kikanyamaza.

"Kaka yangu hakuiacha ikalia hivi hata siku moja," akasema, akatoka.

Siku ya mia na thelathini tuliogeshwa, tukavishwa nguo mpya. Kidonda kilikuwa kimefunga, juu yake ngozi nyembamba. Mishipa ilikuwa bado ipo, na Bi Mgeni alikwisha tuambia haiondoki. Mtu huenda nayo tu, mradi aende. Bi Time alilala kitandani, mguu juu, anangoja nimfunge ili tutoke. Nilikuwa nimeshika kitambaa mkononi, na neno langu la miaka tisa nilikuwa nalo bado. Nikalitoa lote, ndoo na uani na mguu kuoza.

Akasema, "Nilikusikia. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko."

"Na ukanyamaza miaka yote?"

"N'na uso gani wa kusema? Miye nami nilikwapiza, siku iyo iyo." Alikuwa anatazama dari. "Nilimwomba Mungu usizae."

Nilihesabu zile mimba, moja, mbili, tatu, kana kwamba naweza kukosea hesabu. Kisha nikaanza kumfunga kuanzia vidoleni, nikapanda. Kwa kila mzunguko nilijua kiasi gani kinatosha na kiasi gani kinaumiza. Nilipofika chini ya goti nikatia pini.

"Nimekaza mno?" nikauliza.

"Hapana," akasema.

Alikuwa muongo. Nilikuwa nimekaza, na vidole vyake vilikwisha kuanza kubadilika rangi. Nikaitoa ile pini, nikakifungua kitambaa chote, nikaanza tena vidoleni.