Kabichi Hazingoji

Mimi ndiye niliyemnyima ruhusa, na sitamsingizia shetani.

Kanisani kwetu mjini Jecheon, jiko ni langu mimi Ok-bun kwa mwaka wa ishirini sasa. Hata mchungaji akiingia na viatu namfukuza. Kila Novemba tunatengeneza kimchi, achari ya kabichi na pilipili, ya wajane na wazee wa mji: kabichi mia sita, siku tatu. Mkono wangu wa kulia alikuwa Mama Mchungaji. Saa kumi na moja alfajiri anapiga piano kwenye maombi, kisha anaendesha gari la kuwachukua wazee, anafundisha watoto, anatembelea wagonjwa, halafu anakuja kwangu kuinamia mabeseni. "Huyu hachoki!" tulimsifu. Uongo mtupu. Punda afe, mzigo wa bwana ufike, ndivyo tulivyomfanyia.

Alhamisi, kabichi zikiwa zimeshatiwa chumvi, akanivuta kando.

"Mama Ok-bun, mama yangu amelazwa hospitali, mbali kule Goheung. Kaka anasema hali si nzuri. Naomba niende leo, nitarudi Jumapili kabla ya ibada."

"Kumbe una mama?" Kweli nilishangaa.

"Ninaye."

"Sasa mwanangu, nani atachanganya pilipili? Hawa wenzako wanajua kupiga soga tu. Vumilia mpaka Jumamosi. Mama atangoja, kabichi hazingoji."

Wanawake wakacheka. Naye akacheka kidogo, akavaa tena glavu zake. Mara nikaona damu inamtoka puani na kudondokea aproni.

"Baridi tu hii," alisema, akajifuta kwa bega.

Mumewe alikuwa akipita mlangoni. Nikamtania, "Mchungaji, mkeo anavuja!"

"Bwana humpa nguvu," akajibu, akaenda zake.

Damu ile niliiona kwa macho yangu. Nikampa karatasi ya kujifutia, nikamwambia aharakishe.

Jumamosi mchana simu ililia mfukoni mwake, chini ya aproni. Ikakatika, ikalia tena, mara nne. Pilipili ilikuwa imemfika viwikoni.

"Nitapokea tukimaliza beseni hili," alisema, na mimi sikumwambia apokee.

Tulipomaliza akavua glavu, akasoma ujumbe wa kaka yake, akakaa sakafuni kwenye maji ya chumvi. Mama yake alikuwa amefariki.

Kesho yake, baada ya ibada, tulikodi basi watu kumi na wawili hadi Goheung. Nyumba ya misiba ya huko ina vyumba vinne, kila msiba na chumba chake, na mlangoni pana skrini inayoonyesha majina ya marehemu na ya watoto wao.

"Ni chumba kipi?" aliuliza mzee mmoja wa kanisa.

"Marehemu anaitwa nani?" nikamuuliza.

"Mimi nitajuaje? Tafuta jina la Mama Mchungaji."

Tukatazamana. Miaka kumi na moja ametutumikia, na hakuna hata mmoja wetu aliyelijua jina lake. Ilibidi tulitafute jina la mchungaji kwenye mstari wa wakwe. Juu yake paliandikwa: binti, Tak Myeong-ok. Nililisoma mara tatu, masikio yakiniwaka kwa aibu.

Tulimkuta ndani, amevaa nguo nyeusi ya wafiwa. Tukaweka maua meupe mbele ya picha ya mama yake, tukaomba. Hatujakaa vizuri, huyo anakuja na sinia la supu. Akaanza kutugawia, huku akituomba radhi kwa kutusumbua na safari ndefu.

Nilimnyang'anya sinia.

"Myeong-ok," nilisema. "Mwanangu, nisamehe. Sisi tutajipakulia. Nenda ukamlilie mama yako."

Alibaki amesimama, mikono imening'inia. Akanitazama kama nilivyomzoesha kunitazama miaka yote ile.

"Dakika ngapi?" aliuliza.