Majani ya Sébastien

Mume wangu Sébastien alipanda majani mbele ya nyumba, na Itebero nzima ikamucheka.

Tulikuwa tumekimbia vita kule Karuba. Wengi walishuka Mubambiro, lakini yeye akakataa. "Kule kuna kambi ya waaskari," akasema. "Mimi sitaki kulala tena karibu na bunduki." Basi tukapita njia ya Walikale kwa miguu, mimi na yeye na binti yetu Bibiche, mpaka Itebero, ndani ya pori. Mizigo ilikuwa kidogo. Ila Sébastien alikuwa amefunga mizizi ya pasipalumu ndani ya jani la mugomba. Ni yale majani mafupi, mazito, tuliyokuwa nayo mbele ya nyumba kule milimani. Kila tukifika kwenye muto aliilowesha, kama muntu anayenywesha mutoto.

Watu wa Itebero hawapandi majani. Wao lupango, kiwanja cha nyumba, wanaipiga jembe mpaka udongo unabaki wazi, halafu wanafagia, ili nyoka akipita aonekane. Jirani yetu Akilimali, muwindaji, alisimama njiani akamutazama Sébastien anavyopanda.

"Papa Sébastien, majani nimeona. Sasa ngombe iko wapi?"

"Iko njiani, inakuja."

"Basi uiambie itembee mbio, nyoka isitangulie kujenga humo."

Tangu siku ile kila akipita aliuliza kama ngombe imefika, na Sébastien alimujibu kwamba imeumwa muguu, ao imepotea kwa Walikale, ao inaona haya kwa sababu ya wageni. Hivyo njo walivyokuwa marafiki.

Karuba kuna baridi, majani yanakua pole pole. Itebero joto na mvua vinashikana mikono. Unakata leo, ukigeuka yamefika kwenye magoti. Sébastien alishinda ameinama na kupekupe, ule upanga wa kukatia majani, anakata, anapumzika, anakata tena. Akimaliza alivua viatu, akakaa pale pale, miguu ndani ya majani.

"Mama Bibiche, njoo. Funga macho," alikuwa ananiambia. "Unaona? Uko Karuba."

Vita ikatufuata mpaka kule. Majirani wote waliingia porini, Akilimali na watu wake mbele. Sisi tulibaki, kwa maana Sébastien alikuwa na homa, hakuweza hata kusimama. Alikufa asubuhi, na risasi zilikuwa zinalia ng'ambo ya muto.

Mimi na Bibiche tulimuchimbia kaburi mbele ya nyumba, kwenye majani yake. Lakini udongo mupya ni hatari. Wenye bunduki wakiuona wanafikiri watu wamefukia vitu vyao, wanachimbua. Kwa hiyo tulikata majani pamoja na udongo wake, vipande vipande kama matofali, tukaviweka pembeni. Tulipokwisha kumufunika tukavirudisha kila kimoja mahali pake, tukashindilia kwa mikono. Udongo uliobaki tuliubeba na beseni, tukautupa kwenye muto. Hakukuwa musalaba, hakukuwa jiwe. Alama ilikuwa ile mishono tu, kama kiraka kwenye nguo, na mwenye kuijua njo angeiona. Halafu tukakimbia. Tulienda kufikia Mubambiro, kule kule alikokataa yeye.

Bunduki ziliponyamaza, Bibiche alikuwa ameolewa na ana mimba. Nikarudi Itebero peke yangu, na musalaba mugongoni. Fundi alikuwa ameandika jina lake kwa chuma ya moto. Nilitaka kitu kimoja tu: kuusimamisha pale kichwani kwake, ili siku yangu ikifika nilazwe ubavuni mwake.

Nilipotokea kwenye kona niliona nyumba. Mbele yake udongo mutupu, mwekundu, umefagiliwa mpaka unang'aa.

Akilimali alitoka mbio na fagio mukononi, anacheka.

"Karibu, Mama Bibiche! Nilisikia Papa Sébastien alikufa, halafu nikasikia unakuja. Nikasema, mujane wa rafiki yangu hawezi kuingia porini kama munyama. Majani ilikuwa imefika hapa, kifuani! Nimeitoa yote na mizizi. Kila asubuhi nafagia."

Nilitembeza macho. Hakukuwa mushono popote. Mvua zilikuwa zimepiga, zimelainisha kila kitu.

"Hukuona mahali udongo umezama?" nikamuuliza.

"Palikuwa mingi, mama. Nguruwe ya pori ilikuwa imechimbua-chimbua. Nimesawazisha." Halafu akatazama nyuma yangu. "Na Papa Sébastien? Yeye mulimuzika Mubambiro?"

Nikashusha musalaba, nikamuonyesha jina.

"Yeye iko hapa," nikasema.

"Hapa wapi?"

"Hapa, Akilimali. Tulimuficha chini ya majani yake."

Fagio ilianguka. Alitaka kukaa chini, akaruka juu tena kama amekalia moto. Akabaki amesimama kwa muguu moja, hajui wapi ataweka ule mwingine.

Nilisimama mulangoni, nikajaribu kukumbuka Bibiche alikuwa wapi na beseni ilikuwa wapi. Kila nikitembea nilifika mahali pengine. Akilimali akaleta jembe.

"Tuchimbe pole pole, mama. Tutamupata."

"Hapana. Tulimuficha ili jembe isimufikie. Usiipeleke sasa."

Akalia. Mwanaume wa pori, muwindaji, akalia na sauti, na mimi njo nilimushika mukono. Yeye alikuwa amenisafishia nyumba kwa heshima yote, kama angemusafishia mama yake.

Tulikuta ile takataka ya majani nyuma ya migomba. Itebero kitu hakikauki upesi. Chini ya lundo, mizizi ilikuwa bado hai, myeupe, inatafuta njia. Tukaibeba, tukaipanda tena, yeye na mimi, tukianza kwenye mulango mpaka barabarani, hatukuacha nafasi.

Musalaba uko ndani, nyuma ya mulango. Majani yameshika. Yakirefuka, Akilimali anakuja kukata na kupekupe, na habari ya ngombe haulizi tena. Kwenye ukingo anavua kandambili zake, anaziweka karibu na zangu, anaingia miguu mitupu. Wageni wakija nawaambia na wao wavue. Wengine wananiuliza ni mahali gani hasa hawapaswi kukanyaga.

Nawaambia sijui.