Bado Yuko Ulingoni

Kwa miezi saba mtu aliyekaa kwenye kiti cha dirishani hakuwa amenyanyua hata kidole. Kishindo alipochungulia mlangoni, mikono ya mtu huyo ikapanda taratibu, yote miwili, ikakinga uso.

"Mungu wangu," mke wa mtu huyo akanong'ona. "Kakujua."

Kishindo alikuwa bondia wa uzito wa juu. Alipigana mapambano kumi na tisa, na wapinzani wote aliwalaza kabla ya raundi ya nne. Nje ya ulingo alikuwa mpole kama maji ya mtungi. Dada yake alimtania kwamba akibisha hodi ni kama anauomba mlango radhi. Ila ngumi yake ya kulia haikujua udugu. Ilipomshukia mtu huyu shavuni, katika pambano lake la mwisho, ulisikika mlio mkavu, kama wa ukuni unaovunjwa gotini, na tangu siku hiyo alikuwa macho bila kuwapo.

Kishindo alikusudia kuomba msamaha mara moja, kisha aende zake. Mwanamke akamshika mkono.

"Njoo na kesho, shemeji. Daktari alisema hatajongea tena."

Akaja kesho, na keshokutwa. Kila mchana yakawa yaleyale: akiingia, mikono inapanda, akitoka, inaanguka mapajani. Kocha wake akafoka.

"Pambano la ubingwa hilo limekaribia, wewe unakwenda kukaa na maiti!"

"Si maiti, mzee. Maiti haogopi."

Siku ya nane aliona jasho likimchuruzika yule mtu, na macho yake yakifuata bega la kulia la mgeni. Hapo akaelewa. Kwa mtu huyu kengele haikuwahi kulia. Miezi yote hiyo yuko ulingoni, anangoja ngumi ya pili.

"Shemeji," akasema kwa shida, "unajua wanavyomhesabia bondia aliyeanguka?"

"Mpaka kumi."

"Basi hesabu."

Akapiga magoti, akajilaza chali sakafuni, mikono wazi, akafumba macho. Hakuwahi kulala hivyo mbele ya mwanamume yeyote. Saruji ilikuwa ya baridi.

"Moja," mwanamke akaanza. "Mbili..."

Kwenye saba, Kishindo alisikia pumzi ndefu ikishushwa. Kwenye tisa, kiti kikalia, kama kinavyolia kiti kinachoondokewa na mtu.

Kumi haikutamkwa. Zilisikika nyayo, zikimjia.