Mwenye Shamba Hakutokea Pichani

Asubuhi ya kupigwa picha mashamba ya Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, Ancilla alimaliza kupepeta maharage, akanawa miguu, akavaa imvutano, vazi la hariri ambalo wanawake wa Burundi huvaa harusini. Jirani yake Mukarukundo, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, alimwona kutoka ng'ambo ya mtaro.

"Mama Ancilla, unaolewa tena?"

"Wamesema mwenye shamba asimame ndani ya picha. Nisimame na matope?"

Tangazo lilikuwa wazi: shamba ambalo mwenyewe haonekani pichani lingehesabiwa kuwa tupu na kupewa mwingine. Kwa hiyo Ancilla alisimama wima kando ya kaburi la mumewe, Libère, wala hakupepesa macho.

Fundi Kayumba, aliyeileta kamera kutoka Mbarara, alieleza kazi yake kwa adabu. Kamera ile haikupokea mwanga wote. Iliuchuja kwa kibati chenye vitundu, ikachukua chembe chache tu: rangi, zikiwemo zile ambazo jicho halizioni, na upande ambao mawimbi ya mwanga hutikisikia. Kisha hesabu ilijaza yaliyosalia, ikiamini kwamba sehemu kubwa ya dunia ni tupu. Mng'ao wa ziwa lililo kando ya mashamba, kwa kuwa huharibu picha, uliondolewa.

Adhuhuri picha ilikuwa tayari. Libère alitokea vizuri. Alikuwa ameketi juu ya kaburi lake, amevaa koti la rangi ya udongo, amenenepa kidogo. Ancilla alifurahi kumwona, akalalamika kwamba koti halijafuliwa. Kisha akajitafuta.

"Na mimi niko fasi gani?"

"Mama, nguo yako inang'aa sana," alisema Kayumba. "Mashine ilifikiri ni maji. Ikakutoa, ikajaza udongo."

"Basi piga ingine. Nitavaa ya kulimia."

Kayumba alimtazama afisa wa ardhi aliyekuja naye. Afisa alisema picha imekwisha kupokelewa ofisini, na ofisi haipokei mbili za shamba moja.

"Lakini bwana yangu si huyo hapo?"

"Mzee namuona," alijibu afisa. "Lakini huyo si mtu ya kulima. Shamba hii ni tupu."

Jioni Mukarukundo alimletea unga wa muhogo. Aliuweka chini, kwa maana mikono ya Ancilla ilikuwa imeanza kuwa udongo, na haikufaa kuuchafua unga.

"Inauma?"

"Hapana. Ni baridi tu."

Trekta la aliyepewa shamba lilifika Jumatatu, mvua za kwanza zilipokwisha kulainisha ardhi. Ancilla, akiwa bado na imvutano yake, alikwenda kuketi kaburini. Libère alisogea kumpa nafasi. Dereva aliwaona wote wawili, akapiga honi mara moja kwa heshima, kama ipasavyo mbele ya wakubwa. Kisha akashusha jembe, akalima.