Silinda Iliyokwisha Nyama

Mtaani walimwita Kiguu na Njia, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akisambaza mikate kwa pikipiki ile ile, kreti mbili nyuma, na jua lilipoanza kuwa kali alishamaliza maduka yote. Nyumbani hakujua kukaa. Hata chai aliinywa amesimama, macho mlangoni.

Sasa pikipiki ilikuwa siku ya nne kwa fundi, injini imefumuliwa. Ilianza kwa kutoa moshi wa buluu, ikafuata kunywa oili kama mlevi, mwishowe ikashindwa kupanda kilima cha hospitali, akaisukuma pamoja na mikate yake. Tajiri wa mikate alimpa hadi Jumatatu. Baada ya hapo, maduka yale angepewa mwingine.

"Mzee, sikufichi," fundi alisema, akijifuta mikono kwa tambara. "Pistoni imekwisha, silinda imelika. Naweza kukutilia ringi mpya za pistoni tu, utembee. Lakini dawa yake hasa ni silinda kuchongwa kwenye mashine ya kerezo, tutie pistoni kubwa zaidi. Au iuze chuma chakavu, ukakope nyingine."

"Ringi peke yake itanifikisha wapi?"

"Mwezi. Ikikuonea huruma, miwili."

Kiguu na Njia akaizunguka ile injini kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akiba aliyokuwa nayo ilikuwa ya kununulia bati jipya la paa la jikoni.

"Mvua haiulizi habari za pistoni," mkewe alimwambia nyumbani, akisogeza sufuria chini ya tone. "Lakini bila pikipiki tutakula nini chini ya hilo bati? Mpelekee mwanao hiyo silinda."

Alijua tu kwamba mkewe angefika hapo. Binti yao alikuwa fundi wa kerezo kwenye karakana ya upande wa pili wa mji. Miaka mitatu nyuma, alipoacha masomo ya ukarani akaenda kujifunza kukereza vyuma, baba yake alimwambia mbele ya wajomba kwamba hakumsomesha aje kunuka grisi. Tangu siku hiyo salamu zao zilipitia kwa mama.

"Karakana zimejaa mji mzima," alijibu.

"Zimejaa, ndiyo. Nenda basi."

Asubuhi akaichukua silinda kwa fundi, akaenda. Ya kwanza ilikuwa na foleni ya wiki mbili. Ya pili, fundi alipima silinda kwa kuchomeka kidole, akasema itafaa. Kiguu na Njia hakuwa fundi, ila alijua kidole si kipimo. Ilipofika adhuhuri, silinda ndani ya gunia begani, miguu yake ilikwisha kumfikisha pale alipokuwa akipakwepa.

Bintiye alikuwa ndani ya ovaroli, miwani ya kazi imepandishwa kwenye paji la uso. Alimwona, akazima mashine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Baba akaitua silinda juu ya meza. "Naambiwa ichongwe."

Binti akaipangusa, akaingiza kipimo: juu, katikati, chini. Akaandika. Akarudia. Baba alizunguka karakana akishikashika vyuma.

"Baba, hicho usikiguse, kina moto."

Akatia mikono mifukoni.

"Haichongeki hii," binti alisema. "Imeshachongwa mara mbili. Haina nyama tena. Nikiila zaidi, itapasuka uko barabarani."

"Chonga kidogo tu. Nakulipa kama mteja yeyote."

"Hata mteja mwingine ningemjibu hivyo hivyo. Sichongi."

Damu ilimpanda. Alikwapua silinda, akatoka bila kuaga. Alifika hadi kona ya barabara, akasimama, akapiga hatua mbili, akasimama tena. Wote aliowapitia tangu asubuhi walikuwa tayari kupokea fedha yake. Aliyeikataa alikuwa mmoja tu. Akarudi.

"Kuna njia nyingine?"

"Ipo. Niutoe ukuta wote wa ndani uliolika, niingize bomba jipya nene la chuma mahali pake, halafu nilichonge kwa saizi ya pistoni mpya, ya kipimo kile cha mwanzo. Ni ghali kuliko kuchonga, ila ni rahisi kuliko kununua nyingine." Tayari alikuwa akivua ovaroli. "Kwanza nione mkono wa pistoni. Ukiwa unacheza juu na chini, basi hata huko chini unakoshikwa kumekufa. Hapo usitie hata senti. Uza."

Wakaongozana hadi kwa fundi, baba mbele, binti akimfuata mbio. Binti alipiga magoti mbele ya injini, akaushika ule mkono wa chuma, akauvuta juu, akausukuma chini. Mara nne.

"Hauchezi," alisema. "Sasa uamuzi ni wako, baba."

"Maji nimeshayavulia nguo," Kiguu na Njia alisema. "Tia hilo bomba."

Badala ya bati, jikoni palifunikwa turubai, lililobanwa kwa mawe na maneno makali ya mama. Jumapili mchana injini iliwaka kwa pigo la tatu, bila moshi. Bintiye akasimama mbele ya gurudumu.

"Kilomita mia tano za kwanza, usizidi arobaini kwa saa. Vyuma vizoeane kwanza."

"Arobaini! Mikate itaota ukungu."

"Arobaini, baba."

Jumatatu alipitwa na baiskeli. Muuza duka akamuuliza kama anaumwa. Kwenye barabara iliyonyooka kiganja kilimwasha hasa kuvuta mafuta, na mikate ya mwisho ilifika wateja wakiwa wameshanuna. Lakini kilima cha hospitali alikipanda na kreti zote mbili.

Jioni alipinda kuelekea karakana bila kutumwa na mtu. Bintiye akatega sikio kwenye injini, akaigusa silinda, akamtazama.

"Umezidisha."

"Mara moja tu."

"Mara ngapi, baba?"

"Mbili. Kuna mbwa alinifukuza."

Binti akacheka hadi akaegemea meza. Kisha akainama kuangalia oili, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Nipe spana namba kumi na saba."

Baba yake akaitafuta kati ya vyuma vile, akaisoma namba mara mbili, akampa.