Majivu ya Jiko la Mama

Jana usiku, buti zikiwa zimeshapakwa mafuta na begi limefungwa, niliota nimechelewa kwa nyati.

Kabla ya ndoto yenyewe, niseme yaliyokuwapo nikiwa macho. Leo ndiyo siku yangu ya kwanza kuingia porini kumwinda nyati. Mzee Msagata, mkuu wa wafuata nyayo katika kambi yetu ya uwindaji, alinipa masharti matatu. Siku saba nisiguse sabuni ya kunukia. Nisitembee bila kifuko cha majivu ya jiko la nyumbani, cha kutikisa ili nijue upepo unatoka wapi. Na nyati akianguka, nisishangilie wala nisimsogelee mpaka nimguse jicho kwa unyasi mrefu, nione kama atapepesa. Sharti hili la tatu baba hakulifuata, na ndipo alipofia. Nilikuwa na miaka tisa.

Tangu nikubali kazi hii, mama hasemi nami. Ananipakulia ugali, anageuka. Jiko ni lake na majivu ni yake. Kwa kuogopa kunyimwa, niliazimia kuamka kabla yake niyachote kimya kimya. Kifuko kitupu nikakiweka chini ya mto. Roho iliniuma, lakini usingizi ulikuja.

Ndotoni naamka, nakuta sabuni ya kunukia imesimama mlangoni, imefunga mizigo yake.

"Siku saba hunigusi," inasema. "Kama tumeachana, mtu huambiwa."

"Ni masharti ya kazi," naijibu.

"Wote husema hivyo."

Inaondoka kwa miguu. Natoka nyuma yake, na nje ni ndani ya darasa langu la nne. Nyati amekaa nyuma ya meza ya mwalimu. Kiti kinamtosha, wala sioni ajabu.

Kwenye dawati la mbele imekaa harufu yangu. Mzee Msagata aliniambia kwamba porini harufu ya mtu hufika kabla yake, nami nikadhani ni namna ya kusema tu. Imevaa shati langu la Jumapili, inakunywa uji.

"Umechelewa. Hii imeshanieleza mengi," anasema nyati. "Inasema unaogopa."

"Ni kweli."

"Vizuri. Upepo unatoka wapi?"

Natoa kifuko, nakitikisa. Hakitoki kitu. Natikisa tena. Nyati anasubiri bila kunicheka, na upole wake huo ndio unaonitia aibu.

"Kitupu," anasema.

"Nitakijaza asubuhi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Kifuko kinajibu badala yangu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kutunza siri. "Amepanga kuiba. Jikoni kwa mama yake." Harufu yangu inaweka kikombe chini na kutazama dirishani.

"Lala," nyati ananiambia.

Nalala, na sakafu ni majani mabichi marefu, kama mvua imetoka kunyesha sasa hivi. Kando yangu amelala baba, katambuga zake za tairi miguuni. Hana jeraha lolote. Nalia pale pale, kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba masikio yake yalikuwa madogo hivyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mihambo. Mama yako anaongea nawe?"

"Hapana."

"Hata mimi asubuhi ile hakuongea nami. Hakutaka niende. Nikachota majivu mwenyewe nikaondoka." Anageukia upande wangu. "Majivu hayakuwa na kosa, upepo niliujua vizuri. Ila nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani nimwonyeshe kwamba nimeweza."

Nyati anang'oa unyasi mmoja kwa midomo, anausogeza mpaka kwenye jicho langu la kulia. Ncha inanigusa. Napepesa.

"Huyu mzima," anatangaza. Harufu yangu inaandika.

Kisha anamwendea baba, anamgusa jicho vilevile. Baba hapepesi. Nyati anasimama juu yake muda mrefu, pembe ameziinamisha, na darasani hakuna anayekohoa.

"Nenda kaombe," ananiambia bila kugeuka. "Usichote. Omba."

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka, na mama alishanitangulia, amechuchumaa jikoni anapuliza moto. Kwa hiyo hata wizi wenyewe nisingeuweza.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Nikapiga magoti, kifuko mikononi.

"Mama, naomba majivu. Naogopa, na sitaki kuondoka bila wewe kunipa. Ukininyima, siendi."

Akageuka. Akanitazama usoni, kisha akanyoosha mkono, na kwa ncha za vidole akanitoa kitu kwenye kope za jicho la kulia. Kilikuwa kipande cha unyasi, kibichi, bado kina umande. Huu ni mwezi wa tisa. Nyasi za huku kwetu ziliungua zote tangu mwezi wa saba, hata mbuzi siku hizi wanatafuna maboksi.

Mama akakigeuzageuza vidoleni. Sikuwa nimemsimulia lolote.

"Ukapepesa?" akaniuliza.

"Nilipepesa, mama."

Akaingiza viganja vyote viwili jikoni, pembeni pa moto, akachota majivu yangali na joto, akayamimina kifukoni polepole. Kifuko akakifunga mwenyewe, mafundo mawili.

"Baba yako usiku wake wa mwisho hakuota kitu," akasema. Akanishika kichwa kwa mikono yake yenye majivu. "Marahaba, mwanangu."